Mti mmoja wa kunukia uwanjani: bei-ramu, mdalasini au mlangilangi?

Mwana_Kisauni

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana nina nafasi ya mti mmoja tu na sitaki kukosea.

Nyumba iko Kisauni. Uwanja wa nyuma ni hatua kumi kwa nane, umezungushiwa ukuta pande tatu. Mpapai uliokuwepo uliangushwa na kusi mwaka jana. Naishi na mamangu, mzaliwa wa Wete, Pemba. Aliolewa Mombasa akiwa na miaka 19 na sasa ana 74. Tangu miguu ianze kumsumbua hatoki. Kuanzia alasiri mpaka magharibi anakaa kwenye baraza ya nyuma. Juzi aliniambia neno lililonikaa: "Mwanangu, hapa nanusa moshi wa magari tu. Kwetu msimu ukifika njia nzima ni majamvi ya karafuu."

Basi nataka mti wa kunukia, aufikie kwa mkono akiwa amekaa, avunje jani. Mkarafuu wenyewe kila ninayemuuliza ananikatisha tamaa. Rafiki yangu wa Mtwapa ana mti anaouita bei-ramu, jani lake ukilifikicha utadhani umefungua kopo la karafuu. Wengine wananiambia mdalasini. Jirani ananisukuma nipande mlangilangi.

Maji niliyonayo ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Mfereji hutoka siku mbili kwa wiki. Ukichimba futi moja na nusu unagonga jiwe. Na mti usije ukanivunjia ukuta wala shimo la choo.

Mche_na_Samadi

Wa aleikum salaam kaka. Mpe mama shikamoo yangu.

Naanza na mkarafuu kwa sababu naona ndio moyo wa swali lako. Usiupande. Pemba hupata mvua inayokaribia milimita 1,900 kwa mwaka, na udongo wake ni wa kina, unashika unyevu bila maji kutuama. Mombasa tunapata kama 1,000, na nyingi ya hizo humwagika Aprili na Mei. Kaskazi ikishaingia, Januari na Februari mti unakaa bila tone. Mimi nina kitalu Bamburi na nimejaribu mikarafuu minne. Mitatu ilikufa kabla ya kufika magotini. Wa nne upo, una miaka sita, na mtoto wa darasa la kwanza anaushinda kimo.

Lakini huo unaouita bei-ramu, kwa jina la kitaalamu Pimenta racemosa, ni ndugu wa damu wa mkarafuu. Wote wako ukoo mmoja na mpera na mzambarau. Umeona gome la mpera linavyobanduka likaacha shina laini, la mabakamabaka? Bei-ramu nao hufanya hivyo hivyo ukikomaa, na ni pambo tosha hata kama usingekuwa na harufu. Majani yake ni mazito, yanang'aa, maua meupe madogo, halafu vitunda vinavyoiva vikawa vyeusi. Asili yake ni visiwa vya Karibi. Mafuta ya jani lake yana yujenoli kwa wingi, na yujenoli ndiyo inayoifanya karafuu iwe karafuu. Kwa hiyo pua ya rafiki yako haikukosea.

Mdalasini ni ukoo mwingine kabisa, ule wa mparachichi. Hapa watu hawaniamini mpaka niwavunjie jani mbele yao: gome linanukia mdalasini, jani linanukia karafuu. Ni yujenoli tena. Mti mmoja, harufu mbili.

Sasa uwanja wako. Hilo jiwe unalogonga ni tumbawe la kale, na tumbawe ni chokaa. Mdalasini hauipendi chokaa. Utaona majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye mti anadhani una njaa, anaongeza samadi, hakuna kinachobadilika. Chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifunga, mizizi haiwezi kukinywa. Bei-ramu huvumilia zaidi, hata udongo haba, hata kiangazi, ukishashika. Tatizo lake ni uvivu wa kukua. Miaka miwili ya kwanza utadhani umesimama. Ukiachwa hufika mita 4 mpaka 12, lakini unakubali mkasi vizuri, unaweza kuuweka kwenye kimo cha mama.

Maji ya kisima kwa wote wawili ni shida mche ukiwa mchanga. Ncha za majani zinaungua kama zimepitishwa motoni. Hayo maji ya mfereji ya siku mbili yawekee pipa, yawe ya mti.

Baba_Zuhura

Panda mkilifi, huo mwarobaini, ndugu, hao wengine ni usumbufu. Mkilifi haumwagiliwi, unatoa kivuli, na ni dawa.

Mche_na_Samadi

@Baba_Zuhura mkilifi naupenda, ninayo miwili. Lakini uwanja wa hatua kumi kwa nane ni mdogo kwake, na ukuta wake utapasuka. Tena mama anatafuta karafuu, huwezi kumpa mwarobaini anuse.

Mpishi_wa_Makadara

Mimi nazungumzia chungu tu, miti siijui sana.

Haya majani tunayotia kwenye pilau na biriani watu huyachanganya. Ukienda Marikiti kwa wauza viungo ukaomba jani la pilau, utapewa moja kati ya mawili. La kwanza ni tejpata ya Kihindi. Ligeuze utazame mgongoni: lina mishipa mitatu inayokwenda sambamba kutoka kikonyo hadi ncha. Hilo ni la jamaa ya mdalasini, na harufu yake inaelekea huko. La pili ni la mti wa Bahari ya Kati, ule ambao Wagiriki walikuwa wakiwavisha washindi mashada yake. Lina mshipa mmoja katikati, na vijishipa vinatokea pembeni kama mbavu za samaki. Harufu yake ni ya upole, ya kijani kijani, na inahitaji kuchemka muda mrefu.

Jani la bei-ramu nalo lina mshipa mmoja katikati, lakini ncha yake mara nyingi ni ya mviringo, na ukilivunja huna haja ya kuuliza. Shangazi yangu aliletewa fungu na mtu wa Mtwapa (nadhani ni mti uleule wa rafiki yako kaka, hii miti si mingi huku) akanigawia. Mara ya kwanza nilitia majani manne kwenye kilo mbili za mchele kama nilivyozoea kwa tejpata. Bizari nyembamba haikusikika kabisa. Wageni waliniuliza kwa nini nimetia karafuu nyingi, na sikuwa nimetia hata moja. Sasa kipimo changu ni jani moja kwa kilo, naliondoa kabla ya kupakua, na karafuu siweki kabisa.

Pilau ya nyama ya ng'ombe inalikubali. Ya kuku linaifunika. Kwenye mchuzi wa nazi sikulipenda, linagombana na tui. Lakini mahali lilipoonyesha uhodari wake ni kwenye uji. Kule Karibi jani hili hutiwa kwenye uji wa asubuhi na kwenye kinywaji cha kakao, nami nikajaribu kwenye uji wa wimbi: jani moja, kipande cha tangawizi, sukari guru. Wanangu sasa hawataki uji mwingine. Kwenye kahawa tungu pia, nusu jani kwenye mdila pamoja na iliki.

Jani la mdalasini mwenyewe nalitumia kila wiki, maana dada yangu yuko Kwale na mti uko mlangoni kwake. Ni jani lenye utu zaidi jikoni. Haliwafokei wenzake. Na gome je? Ukiwa na bei-ramu una jani peke yake. Ukiwa na mdalasini una jani na gome. Kwa mpishi hesabu ni nyepesi.

Mwana_Kisauni

Dada Mpishi, nakushukuru sana. Mama nimemsomea hapo kwenye uji, akasema kwao walikuwa wakitia karafuu mbili kwenye uji wa mtama wakati wa baridi ya kusi. Endeleeni.

Mzee_wa_Kibokoni

Mwanangu, mimi nnasema panda mlangilangi.

Hawa wote wanakueleza habari ya majani. Mamako si jani alitakalo, ni harufu imjie mwenyewe pale alipokaa, hata mato akiwa ameyafumba. Jani halinukii mpaka livunjwe. Ua la mlangilangi linanukia lenyewe, na zaidi usiku na alfajiri. Nyumba yetu ya zamani Kibokoni ilikuwa na mmoja kiungani, na mtu akipita ndia ya nyuma baada ya isha alijua yu mlangoni kwetu kabla hajaona taa. Mama zetu walikuwa wakiokota maua asubuhi wakafunga vikuba: mlangilangi, asumini, rihani, na kadi ikipatikana. Kikuba kikawekwa kifuani, na kingine chini ya mto. Siku hizi harusini waletewa maua ya plastiki, na mimi yanichoma moyo.

Mlangilangi hukua upesi. Watakwambia ni mrefu mno, maua yako yuu hayafikiki. Komoro, ambako hulimwa kwa ajili ya mafuta ya manukato, huukata kilele ukiwa mdogo na kuyainamisha matawi, ukawa kama mwavuli, wavunaji wakachuma wakiwa wamesimama chini. Nawe fanya hivyo.

Mche_na_Samadi

Shikamoo mzee. Umenena kweli juu ya harufu kuja yenyewe, na sikuwa nimelifikiria hilo. Bei-ramu siku ya jua kali baada ya mvua hutoa harufu kidogo bila kuguswa, lakini si kama mlangilangi. Na mdalasini ukichanua, maua yake hayana harufu nzuri hata kidogo. Ni wiki chache tu, ila mtu anayekaa barazani ataijua.

Langu juu ya mlangilangi ni matawi. Ni mepesi, yanakatika kwa upepo. Kaka amesema kusi iliangusha mpapai wake.

Mzee_wa_Kibokoni

Marahaba. Uwanja wetu ulikuwa na kuta ndefu. Hilo la upepo nakubali.

Binti_wa_Pwani_Ughaibuni

Salamu kutoka Massachusetts. Nilizaliwa Tudor, nina miaka kumi na mbili huku. Nimeingia kwa sababu ya jina. Kaka, ukitafuta habari za mti huu kwenye intaneti utakutana na kichaka cha huku kinachoitwa bayberry, jina linalofanana sana, na watu wengi huvichanganya. Nisingependa usome maelezo ya kimoja ukapanda kingine.

Kichaka cha huku kinaota ufukweni, kwenye mchanga mtupu, Cape Cod kimejaa. Kimo chake ni cha mtu au pungufu. Jani likifikichwa linanukia vizuri, lakini si karafuu. Vitunda vyake ni vidogo kama pilipili manga, vya kijivu, vimepakwa nta. Wazungu wa kwanza waliohamia hapa walivichemsha, nta ikaelea, wakaikusanya kutengeneza mishumaa. Vitunda ni vidogo mno, sufuria nzima inatoa nta ya kuona haya, kwa hiyo mshumaa wake ulikuwa wa siku kuu. Mpaka leo kuna familia zinazouwasha mkesha wa mwaka mpya. Nilialikwa kwa jirani nikauona: mwanga wa kawaida, ila harufu ni safi, haina moshi wa mafuta ya mnyama.

Kichaka hicho hakiwezi kuishi Mombasa, kinataka baridi ya theluji. China nako wana mti wa jamaa hiyohiyo unaozaa matunda mekundu ya kuliwa. Na hata nyanda za juu za Kenya kuna jamaa yake mmoja wa porini. Yote hayo si bei-ramu.

Ukitaka, naweza kukutumia mbegu za bei-ramu zenyewe. Kuna watu wanauza huku.

Mche_na_Samadi

Dada, nia yako ni njema, lakini usitume. Kuingiza mbegu au mche Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule zinakotoka. Wadudu na magonjwa ya ukoo wa mpera yapo duniani, na mikarafuu ya jirani zetu ng'ambo ya maji ni riziki ya watu. Tena mbegu za miti hii hazikai. Zikikauka zimekufa. Tutapata mche hapahapa.

Umenikumbusha jambo kuhusu hicho kichaka cha mchangani. Kinaweza kuota penye udongo maskini kwa sababu mizizi yake ina bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Mvinje wetu una bakteria wa jinsi hiyohiyo. Ndiyo maana René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi mwaka 1971, pale palipokuwa jiwe jeupe tupu, mvinje ndio uliotangulia na kutengeneza udongo. Leo ni Haller Park, pana msitu. Kila ninapopita nasimama kutazama. Mtu akiniambia uwanja wake ni jiwe hauoti kitu, namwambia aende akaone.

Mfamasia_Ganjoni

Naona mazungumzo yamefika kwenye uji na kikuba, naomba nitie neno la dawa kabla hayajaenda mbali.

Karibi wazee walitumia majani ya bei-ramu kwa mafua, maumivu ya viungo, uchovu. Wakati mwingine yalichemshwa, wakati mwingine yalilowekwa kwenye pombe ya miwa, yaani ramu, na kunereshwa, ndipo likaja hilo jina la bei-ramu: maji ya kupaka baada ya kunyoa, na ya kusugulia kichwani. Kisiwa cha Saint Thomas, kilipokuwa bado chini ya Denmark, kilipata umaarufu kwa maji hayo katika karne ya 19. Leo mafuta ya majani haya hutoka zaidi Dominica. Kijiji kimoja kilichokuwa kikiyatengeneza huko, Petite Savanne, kiliharibiwa vibaya na tufani ya Erika mwaka 2015.

Yujenoli inatia ganzi. Daktari wa meno anapokujazia jino kwa muda na ukasikia harufu ya karafuu, ni hiyo, imechanganywa na oksidi ya zinki. Kwa hiyo mtu anayesema jani hili linapunguza maumivu ya jino hasemi uongo. Lakini kutuliza si kutibu. Jino bovu litaendelea kuoza chini ya ganzi.

Haya ndiyo nataka myashike. Jani moja kwenye chungu halina neno. Mafuta yaliyokamuliwa ni kitu kingine: yasinywe, hata matone, hasa na mtoto. Yujenoli nyingi huumiza ini. Yakipakwa bila kuzimuliwa yanachoma ngozi. Na mama wa miaka 74, kaka, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asianze kunywa chai ya majani haya kila siku bila kumwambia daktari wake. Kuvunja jani na kunusa, anuse atakavyo.

Mdalasini nao: huu wa asili ya Sri Lanka una kumarini kidogo sana. Ule wa gome nene, gumu, unaouzwa kwa bei rahisi, unayo nyingi, na kumarini pia ni adui wa ini kwa mtu anayekula kijiko kizima kila asubuhi akidhani anateremsha sukari. Nawaona kaunta kila wiki. Msiache metformini zenu, dawa ya sukari, kwa ajili ya gome la mti.

Kwa wanaopiga nyungu: mvuke unafungua pua, sawa. Sufuria ya maji yanayotokota chini ya shuka pamoja na mtoto si sawa. Nimeona malengelenge ambayo sitayasahau.

Ummu_Aiman_Likoni

Swali kwa daktari. Hayo maji ya kichwani nimeyasikia, lakini pombe siigusi. Kuna namna nyingine?

Mfamasia_Ganjoni

Ipo dada. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike, yakiwa na unyevu mafuta yataota ukungu. Yajaze kwenye chupa safi, mimina mafuta ya nazi juu mpaka yafunikwe, acha wiki tatu mahali penye joto, kisha chuja. Jaribu kwanza nyuma ya mkono usiku mmoja. Hayatakuwa na nguvu kama ya kunereshwa, na kwa kichwa hiyo ni salama zaidi.

Msichana_wa_Mtopanga

Nataka kusimulia yaliyonipata ili kaka asiyarudie. Mwaka juzi nilinunua mche kando ya barabara. Niliambiwa ni mti wa jani la pilau. Shilingi 800. Nikautunza kama mtoto, nikawa nasubiri ukue nianze kuchuma. Siku moja mama mkwe akaja, akavunja jani, likatoa utomvu, hakuna harufu. Akaniuliza, "Hiki ndicho unachotaka kuwapikia wajukuu zangu?" Ilikuwa oleanda, ule wa maua ya waridi wanaopanda kwenye nyua na kando ya barabara. Jani lake jembamba, refu, gumu. Nilitetemeka mwili mzima.

Mfamasia_Ganjoni

Alhamdulillahi hukuchuma. Oleanda ina sumu ya moyo, mti mzima, jani, ua, hata kijiti. Majani machache yanatosha kumuua mtoto. Wote mnaosoma hapa: kabla ya kununua mche wa jani la kupikia, vunja jani. Lisiponukia, liache. Likitoa utomvu, liache na uoshe mikono.

Mche_na_Samadi

Inaniuma kusikia hivyo dada. Muuza miche anayejua kazi yake hatakukataza kuvunja jani. Akikukataza, ondoka.

Mwana_Kisauni

Wanajamvi, nimerudi na majibu.

Jumapili nilikwenda Mtwapa nikachuma majani ya bei-ramu. Dada Mpishi aliniunganisha na watu wa Kwale, nikapata ya mdalasini. Mlangilangi nilipewa maua mawili na familia moja ya Mji wa Kale, kwa msaada wa mzee wetu wa Kibokoni. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama afumbe macho.

Mlangilangi kwanza. Alitabasamu, akasema, "Hii harusi. Hii siku ya kuolewa kwangu." Akaliweka ua mapajani.

Jani la mdalasini akalifikicha, akanusa mara mbili, akasema ni karafuu lakini imetoka mbali, kama nguo iliyokaa kwenye sanduku lenye karafuu.

La bei-ramu hakusema kitu kwa muda. Nikadhani hakulipenda. Kisha akasema, "Makonyo." Nikamwuliza makonyo gani. Akanieleza kwamba karafuu zikishachambuliwa, vikonyo vinavyobaki havitupwi, vinaanikwa, vinapelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta. Babake alikuwa na gunia za makonyo ukumbini kila msimu, wao watoto walilala juu yake mchana. Hadithi hiyo sijawahi kuisikia katika umri wangu wote. Akazungumza mpaka adhana ya magharibi: ngazi za wachumaji, mikono inavyokuwa myeusi kwa utomvu, tufani ya 1872 ambayo nyanyake alihadithiwa na waliotangulia kwamba iling'oa mikarafuu ya Unguja ikaiacha Pemba. Majani aliyakunja kwenye ncha ya leso.

Basi ni bei-ramu. Mwenye mti wa Mtwapa ana miche mitatu iliyojiotea chini ya mama yake, amenipa mmoja, urefu wa kiwiko. Mche_na_Samadi, nielekeze shimo.

Mche_na_Samadi

Sikuwa na neno baada ya kusoma hapo. Haya, shimo.

Upana futi tatu, kina futi tatu. Hapo kwenye jiwe utahitaji mtaimbo na kijana mwenye mgongo. Usikubali kuishia kwenye futi moja na nusu, mizizi itazunguka kama kwenye sufuria na kiangazi cha kwanza kitauchukua. Chini mimina ndoo moja ya maji utazame: yakikaa mpaka kesho yake, toboa jiwe zaidi mpaka yapate njia. Vipande vya jiwe ulivyovunja usivirudishe shimoni, hiyo ni chokaa unajirudishia.

Jaza udongo mwekundu wa bara, sehemu mbili, na samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, sehemu moja. Kama una majani makavu ya mvinje weka juu kama matandazo, unene wa kiganja, yasiguse shina. Uwe hatua tatu kutoka ukutani. Upande wa kusini simamisha makuti mwaka wa kwanza, kuzuia kusi.

Maji ya mfereji tu, ndoo moja kila siku mbili hadi mvua ikolee, kisha punguza. Mwezi wa nne kama huu ndio wake. Ukifika kiunoni kata ncha ya juu, utatoa matawi pembeni badala ya kwenda juu.

Mpishi_wa_Makadara

Na usichume majani ya chungu mpaka ufike hapo kiunoni kaka. Mche mdogo kila jani ni mkono wake wa kulia.

Mzee_wa_Kibokoni

Na mlangilangi, mwanangu, ukikosa ardhi, ni mimi nitakuletea maua Ijumaa. Nyumba si mbali na kituo cha matatu.

Mwana_Kisauni

Mzee, Mungu akuweke. Mama amesema ukija uje na bi wako, atapika.

Mche umeingia ardhini jana baada ya alasiri. Shimo lilituchukua siku mbili. Mama alitaka kiti chake kisogezwe, sasa kiko hatua moja kutoka kwenye matandazo. Una majani kumi na moja.

Dada Mpishi, asubuhi hii yalikuwa kumi. Moja liko kwenye ncha ya leso, na sikuweza kumwambia kitu.